Sponji wa Baharini: Kabla Hajatusafisha Sisi, Aliisafisha Bahari



Kikapu cha kusingia biharusi siku hizi kimeongezeka kitu. Mama zetu waliweka singo, liwa, mafuta ya nazi, asumini, udi na dodoki, mambo yakaisha. Sasa maharusi wengi wanauliza: "Na ile sponji ya asili mnayo?" Sisi tunaoshona nguo za harusi na kupanga vikapu tunaiweka, tunaifunga utepe, na biharusi anafurahi. Baada ya furaha ndiyo yanakuja maswali. Huu ni mmea? Ni tumbawe? Unatoka wapi? Mbona bei yake kubwa hivyo?

Jibu fupi: sponji ni mnyama, na kile tunachokishika bafuni ni kiunzi chake baada ya kufa. Jibu refu ni historia ya zaidi ya miaka 2,000. Ndani yake wamo wake waliobaki wajane, visiwa vilivyotajirika na kufilisika, na bahari iliyogeuka rangi baada ya sponji kufa. Tumeona tuwaandikie jibu refu, kwa sababu kila anayenunua sponji anaingia katika historia hii, ajue asijue.

Tukubaliane jambo moja la lugha. Tukimtaja akiwa hai tutasema "sponji huyu", maana ni kiumbe. Ikishakauka na kuingia kikapuni tutasema "sponji hii". Wengine humwita sifongo, na Waarabu husema isfanji. Ukiyatamka majina hayo pamoja na la Kigiriki, spongos, utasikia yanafanana. Biashara ya kale ilisafirisha bidhaa na majina pamoja.

Ni mnyama wa namna gani?

Hana kichwa, hana moyo, hana tumbo, hana mishipa ya fahamu. Akishakua hukaa pale pale alipojishika mwambani mpaka mwisho wake. Ndiyo maana watu walibishana kwa karne nyingi kama ni mmea au mnyama. Aristotle, mwanachuoni wa Kiyunani aliyeishi karne ya 4 kabla ya kuzaliwa Nabii Issa (a.s.), aliandika kuwa wazamiaji wanasema sponji hujikaza wanapotaka kumng'oa, kwa hiyo lazima ana hisia. Wenzake wengine walilikataa hilo.

Ubishi ulianza kumalizika mwaka 1765, pale Mwingereza John Ellis alipoona maji yakiingia na kutoka katika mwili wa sponji. Halafu katika miaka ya 1820 Robert Grant, daktari wa Edinburgh, alimweka sponji hai kwenye chombo cha maji, akakaa kumtazama kwa saa nyingi. Akaona maji yanaingia kwa vitundu vidogo vya pembeni na kutoka kwa tundu kubwa kama moshi unaotoka bombani. Yeye ndiye aliyewapa wanyama hawa jina la kitaalamu, Porifera, maana yake wenye kubeba vitundu.

Ndani ya vitundu hivyo mna seli ndogo sana, na kila moja ina mkia mwembamba unaopiga bila kupumzika. Mikia hiyo ndiyo inayosukuma maji. Sponji hunasa bakteria na chembe za chakula, kisha huyatoa maji yakiwa masafi zaidi. Yupo sponji mdogo aitwaye Leuconia, ambaye akiwa na urefu wa sentimita 10 na unene wa sentimita 1 hupitisha lita 22 hivi za maji kwa siku. Hiyo ni ndoo kubwa nzima na kidogo juu yake, kwa kiumbe asiyezidi kidole. Sasa fikirieni mwamba mzima uliojaa sponji wakubwa kama madumu.

Mwili wake lazima ushikwe na kitu. Sponji wengi wana vijiti vidogo vya chokaa au vya kioo ndani yao, na hao ukijisugulia watakuchubua. Wachache tu ndio wenye kiunzi laini cha nyuzi, kilichofumana kama kazi ya kroshia. Hao ndio sponji wa kuogea. Fundi yeyote wa nguo akiikata sponji kavu akaitazama kwenye mwanga atashangaa. Hakuna pindo wala mshono, na uzi haufumuki. Subhanallah.

Kuna wanaouliza kuhusu twahara yake. Wanavyuoni wametufundisha toka madrasa kwamba maji ya bahari ni twahara na mfu wa bahari ni halali. Mwenye shaka zaidi amuulize ustadhi wake.

Kazi zake huko chini

Kazi ya kwanza tumeshaitaja, kuchuja maji. Ya pili iligunduliwa karibuni tu. Mwaka 2013 watafiti waliofanya kazi Curaçao, kisiwa cha Karibiani, wakiongozwa na Jasper de Goeij, walitoa jibu la fumbo la miaka mingi. Maji ya miamba ya matumbawe ni meupe kwa sababu hayana chakula kingi, sasa mbona viumbe ni wengi hivyo? Walionyesha kuwa sponji hunyonya uchafu ulioyeyuka majini, ule ambao samaki hawezi kuula, halafu hudondosha seli zake zilizozeeka kwa wingi. Seli hizo huliwa na konokono, minyoo na kaa wadogo, nao huliwa na wakubwa zao. Mmoja wa sponji waliowachunguza hugawanya seli zake kila baada ya saa 5 au 6. Kwa hiyo kitu kilichokuwa kimepotea majini kinarudi kuwa chakula. Ni kama mama wa nyumbani anayejua kuupika ukoko wa jana ukawa mlo wa leo.

Kazi ya tatu ni nyumba. Ndani na chini ya sponji hujificha kamba, kaa na samaki wadogo. Katika bahari ya kina kirefu ya Pasifiki, upande wa Japani na Ufilipino, yupo sponji mzuri wa kioo aitwaye Euplectella, umbo lake kama kikapu cheupe cha lesi. Kamba wawili, dume na jike, huingia ndani wakiwa wadogo, wakikua hawapati tena pa kutokea. Huishi humo pamoja mpaka kufa. Wajapani wamekuwa wakimtoa sponji huyo aliyekaushwa kuwa zawadi ya harusi, kwa nia ya kuwaombea maharusi wasitengane. Maharusi wetu mnaopenda zawadi zenye maana, hiyo haihitaji maelezo.

Kazi ya nne, yeye mwenyewe ni chakula. Ng'amba, yule kasa mwenye gamba zuri, hula sponji kuliko kitu kingine katika miamba mingi. Hapa historia inagusa mapambo ya wanawake moja kwa moja. Tangu karne ya kwanza, kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus kinataja gamba la kasa miongoni mwa bidhaa zilizotoka pwani yetu ya Afrika Mashariki. Gamba hilo liligeuzwa vitana, visanduku na vipuli katika nchi za mbali. Kwa karne nyingi ng'amba aliuawa kwa ajili ya kichwa cha mwanamke kupendeza, na kila alipopungua, sponji walipungukiwa na wa kuwapunguza. Hilo nalo lina madhara yake. Sponji wakizidi kupita kiasi huyafunika matumbawe na kuyanyima nafasi. Bahari ina mizani yake, na wanadamu huitikisa kwa kuondoa upande wowote.

Visiwa vilivyoishi kwa sponji

Historia ya sponji ya kuogea kwa sehemu kubwa ni historia ya Mediterania, hasa visiwa vya Kigiriki, kwa sababu kule ndiko walikokuwa wengi wale wenye nyuzi laini. Katika tenzi za Homer watumishi wanafuta meza kwa sponji. Aristotle naye anataja sponji laini na imara iliyotiwa ndani ya kofia za chuma za askari ili kupunguza kishindo cha pigo.

Visiwa vya Kalymnos na Symi, karibu na pwani ya Uturuki, vina mawe mengi na udongo haba. Vijana wake waliishi kwa kuzamia. Mzamiaji alikumbatia jiwe bapa lililofungwa kamba, akavuta pumzi moja, akaruka. Jiwe lilimshusha mpaka chini, akakata sponji alizoweza, akatikisa kamba, wenzake wakamvuta. Kazi ilikuwa ngumu, lakini pumzi yenyewe ndiyo ilikuwa mpaka. Hakuna aliyeweza kukaa chini zaidi ya dakika chache, kwa hiyo sponji wengi walisalimika na watu wengi walirudi nyumbani.

Katika karne ya 16 visiwa hivi viliingia chini ya dola ya Othmaniyya. Wenyeji wa Symi husimulia kuwa wazee wao walimpelekea Sultan Suleiman zawadi ya sponji nzuri, naye akawapa ruhusa ya kuzamia katika bahari zake. Mashua zao zilifika hadi Tunisia na Libya, karibu na miji ya Waislamu kama Sfax, Benghazi na Derna. Kule Tunisia wenyeji nao walikuwa na uvuvi wao wa sponji katika maji mafupi.

Kisha likaja vazi. Katika miaka ya 1830 Augustus Siebe, fundi wa London, alitengeneza vazi la kuzamia lililofunika mwili mzima. Lilikuwa la turubai na mpira, lenye kofia ya shaba, viatu vya risasi, na bomba la kuletea hewa kutoka juu. Lilipofika visiwani, wazamiaji waliliogopa. Watu wa Symi husimulia kuwa mwaka 1863 Fotis Mastoridis alilileta kisiwani, na kila mwanamume alipokataa kulivaa, mkewe Evgenia alilivaa yeye, akashuka bandarini, akapanda salama mbele ya umati. Baada ya hapo hakukuwa na wa kusema anaogopa. Mwanamke huyo wanamkumbuka hadi leo.

Jina la vazi kwa Kigiriki ni skafandro. Aliyelivaa aliweza kushuka mita nyingi zaidi na kukaa chini muda mrefu. Sponji zilimiminika, na nyumba za matajiri zikapanda milimani. Makampuni yalifungua maghala London na Paris. Lakini hakuna aliyejua kuwa mtu akipumua hewa nzito huko chini, naitrojeni huingia katika damu yake, na akipanda haraka hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Mapovu hayo huziba mishipa. Wengine walikufa papo hapo kwenye sitaha, wengine wakapooza miguu wakiwa na miaka 20 na kitu. Mfaransa Paul Bert alieleza sababu yake mwaka 1878, na mwaka 1908 Mwingereza John Scott Haldane alitoa jedwali la kuwapandisha wazamiaji kwa hatua. Elimu ilikuwepo, ila ilichelewa kufika mashuani, na palipofika faida iliitangulia. Mzamiaji alikuwa ameshalipwa sehemu ya pesa kabla ya safari, pesa zimeshanunua unga wa nyumbani, basi hakuwa na sauti ya kusema "sishuki tena leo."

Tuwatazame wanawake wa visiwa hivyo. Mume aliondoka majira ya kuchipua, akategemewa kurudi karibu na baridi. Miezi hiyo yote mke alikuwa baba na mama. Mashua ziliporudi, wanawake waliosimama gatini hawakujua nani atashuka kwa miguu yake, nani atabebwa na nani hatashuka kabisa. Maelfu ya wazamiaji walikufa au kulemaa. Katika miaka ya 1880 serikali ya Othmaniyya ilijaribu kulipiga marufuku vazi hilo, lakini marufuku haikudumu. Hadi leo Kalymnos wana ngoma iitwayo mihanikos, ambayo mchezaji wake huigiza mzamiaji aliyepooza, anatetemeka miguu na kuegemea fimbo. Ni ngoma ya sherehe, ila ukijua asili yake huchekelei.

Mwaka 1900 mashua ya wazamiaji wa Symi ilikimbia upepo ikatia nanga kisiwa cha Antikythera. Mzamiaji Elias Stadiatis aliposhuka kutafuta sponji akakuta sanamu za jahazi lililozama zamani za Warumi. Humo ndimo kilimotolewa chombo maarufu cha magurudumu ya shaba cha kuhesabia mienendo ya jua na mwezi. Dunia inakumbuka chombo. Wachache wanakumbuka kuwa katika kazi ya kutoa hazina ile mzamiaji mmoja alikufa na wawili wakapooza.

Bahari ilipolipa gharama

Skafandro iliondoa ule mpaka wa pumzi, na sponji wakakosa pa kujificha. Maeneo ya karibu yakapungua, mashua zikaenda mbali zaidi, wazamiaji wakashuka chini zaidi. Wagiriki wengine walivuka mpaka Marekani. Kuanzia 1905 John Cocoris alianza kuwaleta wazamiaji wa kwao Tarpon Springs, Florida, na mji ule ukawa kituo kikubwa cha biashara ya sponji.

Mwisho wa mwaka 1938 ugonjwa ulizuka kwa sponji wa Bahamas. Ndani ya miezi michache ulienea Florida, Cuba na hadi Belize. Katika sehemu nyingi sponji 9 katika kila 10 walikufa. Bahamas ilikuwa nchi ambayo maelfu ya watu walikula kwa sponji, na riziki hiyo ilikatika ghafla. Watu walikaa pwani na mashua nzima, lakini hakuna cha kuvua. Muda si mrefu sponji za kiwandani zikaingia sokoni, bei rahisi, na biashara haikurudi tena ilivyokuwa. Mediterania nayo ilipigwa na ugonjwa mwaka 1986 na miaka iliyofuata, na vifo vingine vimetokea katika majira ya joto kali, maji yanapochemka kuliko kawaida.

Wakati huo watu walihesabu hasara ya pesa. Hasara ya bahari ilikuja kupimwa baadaye, Florida tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 maji ya Ghuba ya Florida yaligeuka kijani kwa kujaa viumbe vidogo mno vinavyoelea, na sponji wengi wakafa kwa kuzibwa. Watafiti walihesabu kuwa kabla ya vifo hivyo, sponji wa sehemu waliyoichunguza walikuwa na uwezo wa kuchuja maji yote yaliyo juu yao kwa siku 3 hivi. Baada ya vifo ingewachukua siku 15 hivi. Maana yake, maji machafu yaliua sponji, na kwa kufa sponji, maji yakakosa wa kuyasafisha. Kamba koche wadogo, ambao hujificha chini ya sponji wasiliwe, wakabaki bila nyumba na wakapungua katika maeneo yaliyoathirika. Mvuvi wa kamba ambaye hajawahi kugusa sponji maishani mwake naye akaumia.

Hapo ndipo tunapoomba dada zetu mtulie kidogo. Wanawake wanaochokoa pweza na kuokota chaza maji yakitoka wanategemea miamba ile ile anayoichuja sponji. Huwezi kumng'oa kwa fujo ukadhani umeondoa kitu kimoja tu.

Kutoka kung'oa hadi kupanda

Habari njema ni kuwa sponji ana sifa moja ya ajabu: ukimkata kipande, kipande kinaishi. Katika miaka ya 1860 Oscar Schmidt, mtaalamu wa Austria, alijaribu kupanda vipande vya sponji katika kisiwa cha Hvar, bahari ya Adriatiki. Vilikua, ila wavuvi wa pale hawakuamini, wakaona wananyang'anywa bahari yao, na vifaa vyake viliharibiwa. Hilo ni funzo kwa kila mradi: wenyeji wasiposhirikishwa, hata wazo zuri linakufa.

Mwaka 1907 Henry Wilson wa Marekani alifanya jambo litakalowafurahisha mafundi wenzetu. Alimkamua sponji mwekundu kupitia kitambaa cha hariri chenye matundu madogo kama cha kuchungia unga, seli zikatawanyika ndani ya maji kama rangi. Akaziacha. Seli zikatafutana, zikashikana, zikawa sponji wadogo upya. Kitambaa kikichanika hakijishoni, lakini kiumbe huyu alijishona mwenyewe.

Sifa hiyo sasa inafanya kazi hapa kwetu Unguja, Jambiani. Kilimo cha mwani kilianza pwani ya mashariki mwaka 1989, na wanawake ndio waliokibeba. Kwa mara ya kwanza wengi wao walishika pesa zao mkononi, wakasomesha watoto. Lakini bahari imekuwa ikipata joto, mwani mnene wenye bei nzuri zaidi ukawa unaoza kabla ya kuvunwa, na bei yenyewe ni ndogo. Kuanzia mwaka 2009 shirika la marinecultures.org, lenye asili ya Uswisi, lilifanya majaribio ya kupanda sponji wanaopatikana katika maji yetu wenyewe, kisha likaanza kuwafundisha wanawake wa Jambiani, wakiwemo walioachika na wanaolea watoto peke yao.

Kazi yenyewe ni hii. Sponji hukatwa vipande vidogo, vikatungwa kwenye kamba mithili ya shanga, kamba zikafungwa majini zikishikiliwa na maboya. Mkulima huenda mara kwa mara kusafisha kamba na kuondoa uchafu unaojishika, kwani sponji aliyefunikwa hachuji wala hakui. Baada ya miezi mingi, mwaka mmoja hivi kutegemea na bahari, huvunwa, huoshwa mpaka nyama yote itoke, hukaushwa, na huuzwa. Sehemu hubakishwa ikawa mbegu ya msimu ujao. Hahitaji mbolea wala chakula cha kununua, na muda wote aliokaa kwenye kamba alikuwa anachuja maji ya kijiji.

Wapo waliolazimika kwanza kujifunza kuogelea, na hilo kwa mwanamke wa pwani mwenye stara yake si dogo. Wanaingia majini na nguo zao za heshima na mitandio. Ukikumbuka Evgenia na kofia yake ya shaba, na ukikumbuka wajane wa Kalymnos, utaona umbali tuliotoka. Hapa hakuna anayeshuka kwenye kina cha kuua, na hakuna kapteni wa kumsukuma. Mwanamke anakwenda shambani kwake na kurudi kupika.

Tunanunuaje?

Kwanza, ijue sponji yako. Ya asili ikiwa kavu huwa ngumu kidogo, ikiingia maji inalainika na kuvimba. Vitundu vyake havilingani. Rangi yake ya asili ni ya kahawia, na ikiwa njano iliyopauka sana ujue imetiwa dawa ya kuipausha, jambo ambalo hupunguza maisha yake. Ya kiwandani nyingi ni plastiki, na makombo yake huishia baharini.

Pili, muulize muuzaji: imepandwa au imeng'olewa mwambani? Iliyokatwa porini kwa kuacha shina inaweza kuota tena, iliyong'olewa yote hairudi. Asiyejua jibu, mwambie akaulize. Wateja wakiuliza, wauzaji hujifunza.

Tatu, itunze. Iloweshe kabla ya kutumia, ikamue taratibu bila kuinyonga, isuuze sabuni yote itoke, itundike penye hewa. Usiichemshe. Kila mtu awe na yake. Na kama uwezo haupo, dodoki la shambani ni zuri na lina heshima yake. Harusi haipungui baraka kwa kukosa sponji.

Na tusiseme sponji ni wa bafuni tu. Katika miaka ya 1950 Werner Bergmann alipata kwa sponji wa Florida kemikali ngeni zilizofungua njia ya dawa ya saratani ya damu iitwayo cytarabine. Mwaka 1986 Wajapani walipata kwa sponji wa kwao kemikali nyingine, na kutokana nayo ikatengenezwa dawa ya eribulin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Haikuhitajika kuwavuna sponji mpaka waishe, maana wataalamu walijifunza kuitengeneza maabara. Lakini kama sponji yule angetoweka kabla hajachunguzwa, nani angejua alichobeba?

Sisi katika vikapu vyetu tumekubaliana kuweka sponji iliyopandwa, na kumweleza kila biharusi alikotoka mnyama huyu. Bei yake inazidi kidogo, ila ndani ya bei hiyo mna ada ya skuli ya mtoto wa mtu na mwamba uliobaki mzima. Allah katufanyia bahari kuwa riziki na pambo, na kaiweka mikononi mwetu kuwa amana. Siku ya kusingwa kwako, dada, tunakuombea ngozi nyororo, moyo msafi kuliko ngozi, na ndoa yenye mapenzi na huruma.